Vipimo Sitini na Vinne vya Kimya

Jumatatu, 4 Machi
Brooklyn. Siku mbili za mazoezi kabla ya kurekodi. Odessa, kiongozi wetu, mpiga saksafoni, amegawa karatasi za wimbo wa kufungia. Wendell, mpiga tromboni wa kwanza: vipimo kumi na sita, kila kimoja mapigo manne, vya kupiga peke yake. Mimi, mpiga tromboni kubwa, tarumbeta la kuvuta lenye sauti nzito, wa mwisho kwenye mstari: vipimo sitini na vinne vya kukaa kimya nikihesabu, kisha noti moja, pamoja na wenzangu wote. Noti moja! Na Mama, huko Baltimore, nilishamwambia napiga peke yangu. Ameshatangaza kanisani. Miaka kumi na mmoja katika bendi, hajawahi kunisikia peke yangu hata mara moja. Lazima nivipate vile kumi na sita.

Jumanne, 5 Machi
Nina akili sana. Katika bendi hii penseli ndiyo sheria: Odessa hurekebisha karatasi kwa penseli, na hakuna anayeuliza. Nimewahi kabla ya wote. Nimefuta zamu ya Wendell, nimeihamishia kwangu. Kazi safi. Kumbe Wendell hasomi, anapiga kwa kumbukumbu, macho kafumba. Nikasimama, naye akasimama. Tromboni mbili zikagombana kama paka juu ya bati. Odessa akashusha mkono, akauliza nani kachezea karatasi. Nikaangalia dari. Wendell akaichukua karatasi yangu, akasema kaka, wewe hata mwandiko wako umelala, wa Odessa umesimama. Bendi nzima ikacheka. Nimekula mchana peke yangu. Mkate na nyama, chumvi tupu.

Jumatano, 6 Machi
Tumerekodi. Watu kumi na saba chumba kimoja, kila sauti inaingia kwenye kila maikrofoni, kwa hiyo akikosea mmoja wameharibikiwa wote. Leo sikuwa na mpango wowote, nakiri. Nikaanza kuhesabu. Kwenye kipimo cha ishirini saksafoni ya Odessa ikaingia, laini, kama mtu anayefungua dirisha polepole. Nikafumba macho kidogo tu. Nikaliona jiko la Mama, mvuke wa pasi, redio, shati langu la Jumapili. Nilikuwa na miaka sita. Joto zuri. Niliposhtuka palikuwa kimya. Hakuna anayetikisika. Nikajua: zamu yangu. Nikapiga noti yangu, nene, ndefu, mpaka pumzi ikaisha.

Kumbe wimbo ulikuwa umekwisha. Kile kilikuwa kimya cha mwisho, ambacho hata kupumua hatupumui mpaka taa nyekundu ya kurekodi izimike. Wendell alikuwa ameng'ata mkono wa shati asicheke.

Alhamisi, 7 Machi
Tumerudia mara mbili. Hakuna kosa hata moja, na hakuna uhai. Nikasubiri kufukuzwa. Odessa akasikiliza zote, kichwa chini, akachagua ya jana. Akasema wimbo ulikuwa unatafuta pa kukaa, na sasa umepata. Akaniuliza kama nilikusudia. Nikamwambia nilipanga tangu Januari. Alicheka mpaka akashika meza. Wendell akasema mzee, maikrofoni yako imenasa mpaka mkoromo.

Jumapili, 10 Machi
Baltimore. Ukumbi wa chini wa kanisa, kuku wa kukaanga, nakala ya haraka ya rekodi kwenye spika ya kwaya. Mama kakaa mbele, kofia ya zambarau. Tromboni ya Wendell ilipoanza, Dada Ernestine wa kwaya akauliza kama ni mimi. Nilikuwa nafungua mdomo kuitikia, Mama akamwambia bado. Wimbo ukaisha. Kimya. Kisha noti yangu. Mama akanishika mkono. Akasema amenitambua hata kabla ya noti, kwa ile pumzi ya kushtuka usingizini; ndivyo nilivyokuwa nikiamka utotoni. Nilijizuia kulia, nikalia.

Jambo moja liko wazi: mipango yangu inafanya kazi. Nimeliahidi kanisa zima kwamba rekodi ijayo napiga peke yangu vipimo thelathini na viwili. Penseli mpya nimeshanunua. Tangu saa kumi nafanya mazoezi ya mwandiko wa Odessa.