Mafiga Niliyoyaita Volkano

Leo nimeaibika, tena mbele ya mawe matatu. Niko nyumbani Kanja, nimejifunika shuka hadi kichwani, naandika haraka kabla Ireri wa darasa letu hajawaeleza yeye.

Mnanijua. Mimi ni yule wa dawati la nyuma, nikiulizwa swali naangalia viatu. Lakini ramani ya miamba ya Mwalimu Njeru imeniteka. Kila rangi ni mwamba ulio chini yetu. Zambarau ni lava iliyomwagika kutoka Mlima Kenya. Waridi ni mwamba wa kale, mkongwe kuliko mlima wenyewe. Kuliko mlima! (Siku aliyosema hivyo sikumaliza chai.)

Leo darasa letu limeshuka Mbeere kutafuta mpaka wa rangi hizo mbili. Mwalimu akatangaza, "Atakayeupata, Jumatatu atafundisha kidato cha pili kusoma ramani hii."

Moyo ukaruka. Niliitaka hiyo nafasi kuliko nilivyoiogopa. Halafu akanipa mimi ramani nibebe. Shule nzima ina hiyo moja tu.

"Na kabla hujaamini jiwe," akasema, "lisukume na mguu. Likitingishika, hilo ni mgeni, limeletwa. Tunataka lililoshikana na ardhi."

Haki nilisikia.

Tukatembea kwenye eneo la waridi, miamba ya kijivu yenye mistari kama pundamilia, ikimetameta juani. Ghafla, kwenye nyasi, nikaona mawe matatu meusi yenye vitundu. Lava! Ndani kabisa ya waridi! Yaani ramani imekosea, na mimi Wawira ndiye nimegundua!

Sikusukuma chochote. Nilipiga magoti. Nikapapasa jiwe, weusi ukanishika vidoleni. Nikapangusa jasho usoni (kumbukeni hili). Nikatoa biro. Biro jamani, si penseli! Nikachora mpaka mpya kwenye ramani ya shule.

Kisha nikaita darasa lote, nikahutubia. Mimi! Sauti ilitoka kubwa hadi nikageuka kuona ni ya nani.

"Lava ilifika mpaka hapa! Na huu weusi ni jivu la volkano. Mlima ulilipuka, jivu likatua hapa tuliposimama!"

Mmoja akavua kofia. Nami machozi yalinilengalenga.

"Nyinyi watoto, mnaomba nini jikoni kwangu?"

Shosho mmoja, bibi mzee wa hapo, alikuwa nyuma yetu na ndoo ya maji.

"Shosho, hapa ni... lava."

"Hapa ni mafiga. Jiko lilianguka na mvua, nikajenga lingine pale." Akanikazia macho. "Na hilo jivu lako ni masizi ya sufuria ya githeri. Umejipaka hadi puani, mwanangu."

Ireri akasukuma jiwe moja na mguu. Likabingirika bila haya.

Kicheko sitawaeleza. Shosho mwenyewe ilibidi atue ndoo. "Niliyabeba nilipoolewa huku," akasema. "Mawe ya hapa ukiyawashia moto yanapasuka. Nikayatoa kwetu, Kanja."

Kanja! Nimeshuka mbali hivyo kuja kugundua mawe ya kwetu.

Mwalimu akaangalia ule mstari wa biro kwa muda mrefu. Nikajua Jumatatu imeniponyoka. Kisha akamuuliza shosho kama anajua mawe ya aina hiyo yanaishia wapi, bila kubebwa na mtu.

"Si hapo nyuma ya boma la mbuzi? Juu ya hapo ardhi ni nyingine, maharagwe yanashika. Chini ni ndengu tu."

Tukapanda. Na kweli. Mwamba mweusi umeulalia ule wa mistari kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Nikausukuma na mguu. Nikausukuma tena. Haukutingishika. Nikaweka mguu mmoja huku, mwingine kule, na katikati ya viatu vyangu viwili kukawa na mamilioni ya miaka. Nilisahau hata pua yangu. Ireri, ambaye hanyamazi hata akila, akaja kusimama vivyo hivyo.

"Aliyepata mpaka ni shosho," Mwalimu akasema, "lakini Jumatatu amekataa. Ana mbuzi. Kwa hivyo ni wewe, Wawira. Anza na mafiga. Wakisikia hiyo, hakuna atakayesahau kusukuma jiwe." Akachukua penseli, akaandika kando ya mstari wangu: mafiga.

Basi ndugu zangu wa kidato cha pili, nawaomba kitu kimoja tu. Ngojeni nigeukie ubao, ndipo mcheke.