Barakoa Mia Nne na Muhuri Mmoja

Idara ya Usalama wa Wasafishaji ya mji wa Tanigawa ilitangaza kwa fahari: kuanzia Jumatatu, hakuna mfanyakazi atakayevuta kuvu bila kibali.

Hatsue, nyapara wa kikosi cha kuzoa matope ya mafuriko, alifurahi. Kuta za nyumba zilikuwa zimeota kuvu nyeusi, na mwenzake Ginji alikohoa kwa kila ubao alioung'oa. Ghalani kulikuwa na barakoa mia nne.

“Kila mpokeaji agonge muhuri wake binafsi wa jina kwenye fomu; saini haitoshi,” alisema Mkuu wa Idara, Bwana Kuroiwa, mtu wa utaratibu hata ndotoni.

“Mihuri yetu imefukiwa na matope majumbani, Mkuu.”

“Basi ifukueni.”

“Bila barakoa?”

“Thubutu! Hilo ni kosa.” Akatabasamu. “Mnaona tunavyowajali?”

Ginji alikohoa hadi akakaa chini. “Dada, nikifa, cheti changu cha kifo kisikose muhuri.”

Hatsue alicheka, lakini roho ilimuuma.

Alhamisi mkaguzi wa mkoa alitarajiwa saa sita, kutia saini ripoti ya mafanikio ya Idara. Ripoti ilihitaji muhuri wa Kuroiwa. Muhuri ulikuwa kwenye droo, katika chumba cha chini kilichoingia maji. Kuroiwa alifungua mlango, akapiga chafya kumi na moja, akaufunga.

“Hatsue, mama, nitoleeni muhuri wangu.”

“Tungependa sana, Mkuu. Ila bila barakoa ni kosa.”

“Si mchukue barakoa!”

“Bila muhuri?”

Kikosi kizima kikainama kwa heshima, chini kabisa, nyuso zisionekane. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Saa sita kasorobo Kuroiwa alileta kidau cha wino. “Dole gumba linatosha,” akanong'ona. “Kwa dharura.”

Ginji alitangulia. Alipovaa barakoa na kuvuta pumzi ndefu isiyokwaruza, Hatsue nusura alie kwa furaha.

“Na mimi moja,” Kuroiwa akanyoosha mkono.

Hatsue alisoma fomu kwa makini. “Ni kwa wanaozoa matope tu, Mkuu.” Akampa barakoa, na koleo.

Mkaguzi alimkuta amepiga magoti kwenye matope, akisaka droo. Aliandika: “Kazi nzuri. Isipokuwa kibarua mmoja mwenye tai, aliyevaa barakoa juu chini. Apelekwe mafunzo, chini ya Bibi Hatsue.”