Dema la Kulaza Mbwa

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeshtakiwa kwa Sheha, mkuu wa mtaa wetu. Mimi, Ngwali, niliyefundisha nusu ya Gando kuandika! Mshitaki ni Mzee Mmanga, jirani yangu. Anadai kwamba mbwa wangu, Jemadari, amemgusa kanzu kwa pua yenye majimaji alipokuwa akienda kuswali Alfajiri. Imembidi arudi nyumbani, aoshe pale mahali mara saba, moja kwa udongo. Swala ya jamaa imempita. Mara ya tatu mwezi huu.

Nimemweleza Sheha kwamba huenda ulikuwa umande. Mmanga akasema umande haubweki.

Hukumu: Jemadari asionekane tena njia ya msikitini kabla ya jua kuchomoza. Nina muda hadi Ijumaa. Nikishindwa, atapelekwa Chokocho kwa wasasi.

Kabla ya Jemadari, ngawa wa porini walinimalizia kuku kumi na mmoja. Kwa hiyo namtaka abaki. Si mapenzi. Ni ulinzi. Leo amenifuata mpaka chooni, nikamfukuza kwa sauti ya wastani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata ufumbuzi. Mbwa atafungiwa usiku kizimbani.

Mke wangu, Bi Saada, anapinga. Ananikumbusha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Nikamjibu kwamba yule paka hakupewa chakula wala maji. Jemadari atapewa vyote. Akasema kiumbe kisichoweza kujigeuza hakiulizi kimeandaliwa nini.

Nikampigia simu binti yetu Asya, aliyeko Dar es Salaam, niungwe mkono. Anasema huko wapo wanaolaza mbwa vizimbani, na mbwa hufurahi. Vizuri! Ila akaongeza kwamba kizimba kiwe kipana, mlango uachwe wazi, mbwa azoezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka apaone kama chumba chake. Wiki kadhaa! Nina siku tatu. Nikamshukuru, nikakata simu.

Kizimba cha mbwa hapa Gando hakuna. Nimekwenda kwa Jecha, msusi wa madema ya kuvulia samaki, nikachukua dema lake kubwa kuliko yote. Samaki huingia na hatoki. Ni hesabu rahisi. Jecha ameniambia kwamba samaki hana meno ya kutafuna fito. Nikamwambia asuke, asinifundishe.

Jumatano, 10 Septemba

Jana baada ya Isha nilimwingiza Jemadari kwa msaada wa kichwa cha pweza. Kichwa kiliingia. Jemadari aliingia nusu. Nusu ya pili niliisukuma mwenyewe.

Sikuzingatia harufu. Dema lile limekaa baharini miaka miwili. Paka wote wa mtaa walikuja, wakalizunguka, mmoja akapanda juu. Jemadari alilia kwa namna ambayo sijapata kuisikia. Mmanga akauliza kupitia ua kama tunachinja.

Bi Saada alikata kamba za dema na kumtoa bila idhini yangu. Mguu ulikuwa umechunwa na fito. Akamfunga kamba ndefu mlango wa jikoni, akamkanda kwa maji ya moto, halafu akanigeukia.

“Mwalimu, usimfungie mbwa mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kulala.”

Huwezi? Nani hawezi?

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nitalala ndani ya dema; kamba zilizokatwa nimezifunga upya. Hoja itakwisha. Nimemwomba Mmanga apite asubuhi awe shahidi kwamba kizimba hakimdhuru mtu. Akasema hilo hatalikosa hata akiwa na homa.

Bi Saada amenipa mto.  

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika nikiwa nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Niliingia kwa heshima. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Saa ya pili mguu wa kushoto ulikufa ganzi. Nikataka kutoka, nikagundua kwamba fito za mdomoni zinaelekea ndani. Kila nikirudi, zinanichoma. Nilimwita Bi Saada. Mwanamke yule ana usingizi mzito anapoutaka.

Jemadari alikuwa huru. Sikukumbuka kumfunga. Nikasema basi, kesho Chokocho. Lakini hakwenda popote. Alijilaza ubavuni mwa dema, mgongo wake umegusa fito, na kila nilipogeuka, naye aligeuka. Ngawa alipita. Jemadari alinguruma tu, hakuondoka.

Ikaadhiniwa. Mmanga akatokea, kanzu yake nyeupe, kavu.

“Mwalimu Ngwali,” akasema, “nani kakutega?”

Akacheka mpaka akashika ua. Halafu, namwandikia haki yake, akaenda kumwamsha Jecha aje na kisu. Wakati nikisubiri, Jemadari alipitisha ulimi kati ya fito akanilamba shavu. Mara saba, moja kwa udongo. Jamaa ikanipita.

Sheha akaja kuona. Mmanga akamwambia kwamba sasa ameelewa: kila asubuhi mimi hutangulia msikitini, na mbwa hunifuata, yeye Mmanga huwa katikati tu. Sheha akaamua Jemadari abaki. Alale upenuni chini ya dirisha langu, na nitokapo Alfajiri nimfunge kamba ndefu. Kizimba hakihitajiki.

Nilikuwa na vumbi machoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Jemadari amelala chini ya dirisha. Hakulia. Njia ya msikitini ilikuwa tupu. Bi Saada anasema mambo yamekwisha.

Hayajakwisha! Tutazame ushahidi. Usiku mbwa alipokuwa ndani ya dema, fujo mtaa mzima. Usiku nilipokuwamo mimi, mbwa alitulia mpaka adhana, wala kuku hakupotea. Kwa hiyo kizimba kinafaa, na waliosema ni dhuluma wamekosea. Kosa letu lilikuwa dogo: tulimwingiza asiyehusika.

Nimemwagiza Jecha dema jipya, lisilowahi kuona bahari, refu zaidi upande wa miguu. Bi Saada ameniuliza nitalala humo mpaka lini.

Mpaka Mmanga akiri kwamba kizimba hakimdhuru mtu.