Dola za Josiane na Paa la Mururu

Jumatatu, 8 Septemba. Dola za Josiane zimefika! Mke wangu ni afisa wa polisi, yuko misheni ya kulinda amani ng'ambo, na posho yake hulipwa kwa dola. Amezituma kwa mwenzake aliyerudi likizo. Maagizo: nizibadilishe leo leo, ninunue mabati, maana paa letu hapa Mururu linavuja na yeye anakuja Jumapili. Huko aliko bei zimepanda, dola hazimtoshi. Anajibana ili sisi tusinyeshewe. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu. Ila huku faranga yetu inashuka kila wiki. Nikingoja mpaka Ijumaa, nitapata mabati na, kama nyongeza, mfereji wa kukinga maji ya paa. Nimezilaza chini ya godoro.

Jumanne, 9. Nimepita mpakani kwa Héritier, mbadilishaji fedha mwenye kimeza chake karibu na daraja la kuvukia Bukavu. Dola imepanda kidogo. Nimemwambia sina haraka. Mama mkwe, Nyirabahire, ameuliza mabati yako wapi. Nimemjibu kwamba mambo ya fedha yanataka utulivu.

Jumatano, 10. Mvua. Imevuja palepale juu ya godoro. Dola zimelowa na kujikunja kama majani ya kabichi. Na kila mtu wa mpaka huu anajua: dola iliyochoka hakuna anayeigusa. Nimewasha pasi ya makaa.

Alhamisi, 11. Pasi ilinyoosha vizuri sana. Tatizo ni cheche. Héritier ameziinua juani moja moja, akaniita kwa jina la mwanangu: "Papa Iriza, hizi dola ziko na matundu. Batu ba Bukavu batazikatala." Yaani ng'ambo ya daraja watazikataa. Zilizotoboka atazichukua kwa nusu ya bei, kwa kunihurumia. Nikasema matundu yenyewe ni madogo. Akasema tundu ni tundu. Faranga imeshuka kama nilivyotabiri. Mimi nimeshuka zaidi.

Ijumaa, 12. Nimemweleza mama mkwe ukweli, karibu wote. Hakufoka. Aliingia chumbani, akatoka na fedha za likilimba kujazia zilizopungua. Wiki hii ilikuwa zamu yake ya kupokea mchango wa kikundi cha akina mama, na alikuwa anunue mbuzi. Aliomba tu nisimwambie Josiane, asije akakosa raha kazini. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi wa jikoni. Kabla ya jioni mabati yalikuwa uani.

Jumapili, 14. Josiane amefika. Mvua imepiga mabati mapya, yaliyoezekwa jana, na hakuna tone lililoingia. Amenishika mkono, akasema nimefanya vizuri. Mama mkwe alikuwa anatazama sufuria. Nina bahati ya wanawake, nasema kweli.

Kisha Josiane akanipa dola nyingine: nizibadilishe kesho asubuhi, nimnunulie mama yake mbuzi. Moyo wangu umejaa shukrani. Mama atapata mbuzi wake! Tena nimepiga hesabu. Nikingoja mpaka Ijumaa, atapata mbuzi na kibanda chake.

Nimezilaza chini ya godoro. Kosa lilikuwa la paa, na sasa paa halivuji.