Bunduki ya Awoowe na Msasa Wangu

Jumapili, 9 Februari
Tumefungua sanduku la marehemu babu, Awoowe. Chini ya ngozi za mbuzi: bunduki ya mitutu miwili, kuukuu kuliko lami ya Garissa. Alipewa zamani afukuze simba kwenye ngamia. Kibali chake kilikwenda na mafuriko ya Tana. Shangazi yetu, Eedo Hinda, ameipakata akalia. Amesema hiki ndicho kitu cha baba yake kilichobaki, kisipotee.

Binamu yangu Salah kapiga magoti nayo, kapigwa picha, kaituma kwenye kundi la ukoo. Mtu mzima na ndevu zake. Utoto mtupu.

Jumatatu, 10 Februari
Chifu amewaarifu polisi. Wamesema tuipeleke keshokutwa, na watu wa kuthibitisha ilikuwa ya Awoowe. Wakiridhika, mmoja wetu ataomba kibali. Wasiporidhika, itayeyushwa. Eedo hakumaliza chai yake.

Nimemwambia asihangaike. Mimi dalali wa mbuzi, nimezoea kutambulisha mali. Isitoshe nimeshinda nikitazama video za bunduki za kale. Salah akauliza kama video hizo zimetaja ngamia. Wivu huo. Atakayeitambulisha ndiye atakayepewa, na huyo ni mimi.

Jumanne, 11 Februari
Kazi imefanyika uani. Namba chini ya mitutu ilikuwa imeliwa na kutu. Nimepiga msasa mpaka kutu ikaisha. Namba nayo imeisha, lakini chuma cheupe pe!

Kitako kilikuwa na kovu baya la moto. Mistari miwili na duara, utadhani mtu aliegesha sufuria. Nimesugua hadi likatoka, nikapaka vanishi. Inang'aa kama meza ya benki. Nani atayeyusha kitu safi hivi?

Jumatano, 12 Februari
Kituoni. Afande akaomba namba. Nikamweleza umuhimu wa usafi. Akauliza kama kuna alama nyingine.

Eedo akajibu kwa fahari. Baba aliipiga chapa ya ngamia wetu, kwa chuma kilekile cha moto, ili mwizi ajue ameiba kwa nani. Mistari miwili na duara. Afande akageuza kitako, akaona uso wake mwenyewe.

Eedo akapapasa mbao kwa kiganja, akienda na kurudi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama nimemfuta baba yake. Nilitamani ardhi inimeze. Mbele ya askari wale, na Salah yupo.

Huyo Salah akatoa simu. Ile picha ya utoto! Chapa wazi kabisa. Afande akataka kujua ataaminije kwamba chapa hiyo ni yetu. Leo ni siku ya mnada, ngamia wetu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Salah akamvuta mmoja hadi langoni. Chapa ileile, pajani. Askari wakatoka wote kutazama, ngamia akala maua ya kituo. Afande akasema shahidi huyu anatosha.

Bunduki haitayeyushwa, alhamdulillahi. Itakaa kituoni mpaka kibali kitoke. Ombi limeandikwa jina la Salah.

Alhamisi, 13 Februari
Nimetafakari sana. Nisingeifuta chapa, nani angejua kwamba ina maana? Mimi nimelima, Salah kavuna. Ukoo utaelewa siku moja.

Eedo bado hasemi nami. Chai yangu ananiwekea mlangoni, bila sukari. Inaniuma, huyu ndiye aliyenilea. Lazima nimfurahishe.

Nimeiona fimbo ya Awoowe pale kwenye kona. Aliikata mikato kuanzia juu mpaka chini, sijui kwa nini. Kila alfajiri Eedo huipapasa kwa kidole, mkato mmoja mmoja, akitaja majina ya ndugu zake. Maskini, siku moja kibanzi kitamchoma.

Amekwenda kwa jirani. Msasa umebaki, na vanishi ipo.