Trekta ya Mbuthia, ng'ombe wa Joyline

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mambo ya Mbuthia yaliharibika, naye akadhani yananyooka. Jumamosi alitakiwa kupeleka mahari, ng'ombe mwenye mimba, kwa mzee Ng'ang'a kule Langas, la sivyo binti yake Shiko angebaki kwao. Ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia, aliyoiokota kwa mnada wa ofisi fulani. Wakubwa wetu huuza mashine kwanza, halafu nyasi ikifika kiunoni wanatangaza tenda.

Akaipaka rangi nyekundu, akaipeleka mji wa Ziwa siku ya soko. Mama mmoja, Joyline, akasimama kuitazama.

"Mama, trekta ndogo ziko daraja tatu," Mbuthia akaanza, kama mwalimu. "Kuna ile unatembea nyuma yake, hiyo ni ya sukuma wiki. Kuna hii ya kukalia, nguvu ya farasi kumi na tano, ya ekari mbili. Halafu kuna ya farasi arobaini. Hiyo ni ya watu wanapenda loni ya benki."

"Na jembe inafungwa wapi?"

"Jembe iko ndani kwa tumbo. Ni teknolojia."

Joyline akainama, akachungulia kisu cha nyasi. Akainuka bila kucheka. "Sina pesa, kijana. Niko na ng'ombe."

"Wa gredi?"

"Gredi kabisa, wa maziwa mengi. Na yeye kazi yake iko kwa tumbo. Si unaona?"

Tumbo lilikuwa kama ngoma. Mbuthia hakuuliza la pili. Wakabadilishana, kila mtu akaondoka haraka kama mwenye kuhara.

Jumamosi wazee wa Langas walikula, wakapiga makofi, wakamkabidhi Shiko. Baadaye ndipo Ng'ang'a alipokwenda zizini na daktari wa mifugo.

"Mimba hakuna," daktari akasema. "Huyu amezeeka. Hapa ndani ni karatasi za plastiki tu, alizokula kwa takataka."

"Mbuthia!" Ng'ang'a akanguruma. "Umeniletea ng'ombe ama pipa ya taka?"

Saa hiyo hiyo, Joyline alikuwa Kaptagat, amekalia mashine yake nyekundu, akikata nyasi ya uwanja wa kambi ya wanariadha. Kazi hiyo aliipata Januari. Mashine tu ndiyo alikuwa anatafuta.

Wazee wamekaa vikao vinne sasa. Wengine wanasema ng'ombe alipokelewa, wengine wanasema hakuna ng'ombe aliyeletwa. Shiko naye amefunga mizigo nusu. Sasa huyu Mbuthia ameoa, ama bado?