Taa Tatu za Kumrudisha Hajira

Jumatatu, 7 Oktoba
Siku ya tisa bila mke. Hajira yuko kwa mama yake, hatua arobaini kutoka hapa. Harufu ya kisamvu chake inanifikia. Kisamvu chenyewe hakifiki. Kosa langu: niligeuza kabati lake la nguo kuwa banda la kuku. Kuku wenyewe walikataa kulala humo. Jumamosi anakuja mjomba wake, Mzee Mahmudu, kukagua nyumba na kuamua. Hapa Mkunya mimi ndiye niliyehamia ukweni, shamba ni la ukoo wao. Akisema basi, wa kubeba mkoba ni mimi. Nimechoka kabla sijaanza. Lakini wazo ninalo!

Jumanne, 8 Oktoba
Nimetoka Masasi na taa tatu za mezani za mitumba. Moja haina swichi. Moja shingo imelegea. Ya tatu nzima, ila ina rangi ya keki ya harusi. Muuzaji alinishukuru mara mbili, nikaingiwa na wasiwasi. Miaka sita Hajira analalamika kwamba anashona gizani. Sasa ataona!

Alhamisi, 10 Oktoba
Kofia za taa: vikapu vitatu vya mayai, nimevipindua. Swichi nimeing'oa kwenye redio. Miguu ya taa nimeikwangua mpaka mbao ikaonekana. Imebaki vanishi. Jirani yangu Barnaba, seremala, kaja bila kuitwa, kasema ana nusu kopo, nichukue bure. Ili Hajira aambiwe maisha yake yote kwamba Barnaba ndiye aliyeng'arisha sebule yake? Thubutu! Nimepaka mafuta ya maganda ya korosho. Watu hupaka nguzo, mchwa hawazigusi. Barnaba kaguna, kasema yanataka mwezi mzima juani, la sivyo yanababua. Najua yanababua, nimezaliwa kwenye korosho! Ndiyo maana nilivaa mifuko ya nailoni mikononi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Ushindi! Mzee Mahmudu kaitikia shikamoo yangu kwa shingo upande, kaingia na Hajira nyuma yake, kaona taa tatu zinawaka. Kainua moja kwa mikono miwili, kasema hakujua kama nina akili. Kauliza mbona inanata. Nikamwambia vanishi za siku hizi ndivyo zilivyo. Kajifuta jasho usoni kwa viganja. Hapo nilitaka kusema neno. Sikusema, maana Hajira alikuwa anacheka, na nilikuwa nimeukosa mno ule mcheko. Anarudi kesho.

Jumapili, 13 Oktoba
Hajarudi. Kaja Barnaba na ujumbe, na huruma yake inayoudhi. Mzee kaamka na malengelenge viganjani, jicho moja halionekani kwa uvimbe. Amebangua korosho tangu utoto, hakuhitaji daktari kumwambia ni mafuta gani. Kasema kuungua si kitu. Kinachomuuma ni kwamba nilijikinga mimi nikamwacha yeye ashike. Nani kamwambia habari za nailoni? Namjua. Mzee kasema basi, nikabeba mkoba. Hajira alisimama mlangoni kwa mama yake, akanitazama nikiondoka. Iliniuma sana.

Jumatano, 16 Oktoba
Niko Lupaso, kwa dada yangu Zuhra. Hajira katuma ujumbe. Mjomba sasa anaona kwa macho yote mawili. Kasema msimu wa korosho ukiisha nirudi, niombe radhi mikono mitupu, na nisiguse taa tena. Hajira kaongeza kwamba yeye anataka mtu, hataki vitu. Nimesoma mara nne. Nimelia kidogo. Nimeelewa kabisa.

Jirani wa Zuhra anatupa mafeni manne mabovu. Kuhusu mafeni, Mzee Mahmudu hakusema lolote.